Tumtibu Mama kwa Haki Yake: Sonona ya Ujauzito na Homoni za Mtoto

Hotuba kwa wakunga, wauguzi wa kliniki ya wajawazito na wahudumu wa afya ngazi ya jamii, Siku ya Wakunga Duniani

Shikamooni wakubwa zangu. Wadogo zangu, hamjambo, na poleni na zamu. Najua wapo humu waliotoka kazini alfajiri na kuja hapa bila kulala.

Nataka tumzungumzie mama mmoja ambaye kila mmoja wetu amemhudumia wiki hii. Ana mimba ya miezi sita au saba. Amekuja na kadi yake ya kliniki. Tumempima presha, uzito, kimo cha mimba, mkojo, wingi wa damu, kaswende, virusi vya UKIMWI. Tumesikiliza mapigo ya moyo ya mtoto. Tumempa vidonge vya kuongeza damu na SP ya malaria, tukamwambia arudi mwezi ujao. Maswali yote amejibu kwa sauti ya chini, macho sakafuni. Kisha ameondoka, na hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza kama usiku analala, kama chakula kinapita kooni, kama wiki hii kuna asubuhi alitamani asiamke.

Mada niliyopewa ina jina la kitaalamu: sonona ya mama wakati wa ujauzito, yaani ule ugonjwa wa huzuni nzito, na kiwango cha homoni ya msongo kwa mtoto. Nitaieleza, maana ni elimu nzuri na watu wameitolea jasho. Ila naomba niseme msimamo wangu mapema. Elimu hii ikishikwa vibaya itakuwa fimbo nyingine ya kumchapia mwanamke. Watu watasema: "Huyu mtoto ni mkorofi kwa sababu mama yake alishinda analia na mimba." Mimi siisomi hivyo. Mama mwenye sonona ni mgonjwa. Atibiwe akiwa bado mjamzito, na atibiwe kwa sababu yeye anaumwa. Mtoto akifaidika, hiyo ni neema inayofuata.

Tuanze na homoni yenyewe. Kotisoli hutengenezwa na tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo. Amri inatoka ubongoni, kwenye sehemu iitwayo haipothalamasi, inapita kwenye tezi ya pituitari, inafika kwenye zile tezi za juu ya figo. Kotisoli ikiingia kwenye damu inapandisha sukari, inauamsha mwili, inatuliza uvimbe. Halafu inarudi ubongoni, inashika vipokezi vyake, na amri inasimama. Kwa mtu mzima mwenye afya huwa juu kabisa asubuhi, muda mfupi baada ya kuamka, inashuka mchana kutwa, na usiku wa manane iko chini kabisa. Msiichukie homoni hii. Mtu ambaye mwili wake umeacha kabisa kuitengeneza, asipotibiwa, hufa. Shida inakuja pale amri inapokataa kusimama, au mwili unapochoka kuiitikia.

Kwa mtoto mchanga kotisoli hupimwa kwa mate. Hakuna kumchoma, unaweka kipamba mdomoni, kinaloa, kinapelekwa maabara. Watafiti hupima kabla ya jambo la kumshtua mtoto kidogo, kisha wanasubiri kama dakika ishirini hivi na kupima tena. Mara nyingi jambo hilo limekuwa sindano ya chanjo, kwa kuwa mtoto angechomwa tu. Nyinyi siku hiyo mnaijua vizuri, wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Sindano ni ileile, lakini mmoja analia, anapewa titi, ananyamaza; mwingine dakika ya kumi bado anatetemeka. Angalieni tu jambo moja: kilio na kotisoli haviendi pamoja siku zote. Yupo mtoto anayenyamaza huku homoni yake iko juu. Kwa hiyo msitoke hapa mkaanza kuwatazama watoto wa chumba cha chanjo na kuwahesabia mama zao sonona.

Sasa twende tumboni. Katika ujauzito wa kawaida kotisoli ya mama hupanda, na mimba inapokaribia kukomaa huwa mara mbili hadi mara nne ya ile ya siku zote. Hilo si ugonjwa, ni mpango wa Mungu. Mtoto naye anaihitaji mwishoni, kwa sababu inakomaza mapafu. Ndiyo maana mama anayeelekea kuzaa njiti tunamchoma deksamethasoni, dawa inayofanya kazi kama kotisoli. Lakini kabla ya wakati huo mtoto hatakiwi kupata kotisoli nyingi, na hapo ndipo kondo la nyuma linapofanya kazi ambayo wengi hatufundishwi. Ndani yake kuna kimeng'enya kiitwacho 11β-HSD2, nacho ni kama bawabu mlangoni: kotisoli ya mama ikifika, kinaigeuza kuwa kotisoni, ambayo haina nguvu. Kwa sababu hiyo kiwango cha mtoto tumboni ni kama sehemu moja ya kumi ya kiwango cha mama yake. Deksamethasoni hupita kwa kuwa kimeng'enya hicho hakiiwezi. Kwa hiyo kila tunapochoma sindano ile tunalitumia jambo hili, hata kama hatulitaji.

Mwaka 2012, watafiti wa Imperial College London, akiwemo Vivette Glover ambaye ameshughulika na mambo haya kwa miaka mingi, walichapisha matokeo ya kupima kondo za wanawake waliojifungua kwa upasuaji uliopangwa. Wanawake hao walikuwa wameulizwa hali yao kabla ya upasuaji. Waliokuwa na wasiwasi mwingi, kondo zao zilionyesha dalili za kuwa na kimeng'enya hicho kidogo zaidi. Kwa upande wa sonona uhusiano ulielekea hukohuko lakini ulikuwa dhaifu. Naitaja tofauti hiyo makusudi, kwa sababu mnaposikia redioni kwamba "sonona ya mama inamwagia mtoto homoni", mjue maneno yamekimbia mbele ya ushahidi. Wapo wanawake wengi wenye sonona ambao kotisoli yao ni ya kawaida kabisa kwa mjamzito. Njia ni zaidi ya moja. Kuna damu inayopita kwenye mishipa ya mji wa mimba, kuna uvimbe wa ndani unaoletwa na kinga ya mwili, kuna mama asiyekula wala kulala, kuna urithi wa ukoo. Bado zinachambuliwa.

Kuna hatua nyingine tunayopaswa kuifahamu, nayo iko kwenye jeni. Jeni iitwayo NR3C1 ndiyo inayoelekeza utengenezaji wa vile vipokezi vya kotisoli nilivyovitaja. Jeni haibadiliki maandishi yake, lakini mwili unaweza kuibandika alama za kikemia zinazoifanya isomwe kidogo. Mwaka 2008, Tim Oberlander na wenzake wa Vancouver, Kanada, walitoa matokeo ya uchunguzi wa damu ya kitovu. Watoto ambao mama zao walikuwa na huzuni nzito katika miezi mitatu ya mwisho walikuwa na alama nyingi zaidi kwenye jeni hiyo. Walipofika umri wa miezi mitatu, watoto wenye alama nyingi kotisoli yao kwenye mate ilipanda zaidi waliposumbuliwa kidogo. Baadhi ya mama hao walikuwa wanatumia dawa za sonona, na watafiti walilizingatia hilo katika hesabu zao.

Kanada ni mbali. Niwalete Goma, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo.

Goma wanazungumza Kiswahili kama sisi. Mnajua wanawake wa pale wamepitia nini. Katika hospitali ya HEAL Africa, mtafiti Connie Mulligan wa Chuo Kikuu cha Florida na wenzake waliketi na akina mama 25 waliokuwa wamejifungua. Hawakuwaletea dodoso la kizungu peke yake. Waliongea nao kwa kirefu juu ya vita, ubakaji, kukimbia makazi, na pia shida za kila siku ambazo hazitangazwi: chakula, kodi, mume aliyeondoka. Wakachukua damu ya mama na ya kitovu. Matokeo yalitoka mwaka 2012. Kadiri mama alivyobeba mazito zaidi, ndivyo jeni ile ya NR3C1 ya mtoto ilivyokuwa na alama nyingi, na ndivyo uzito wa mtoto wakati wa kuzaliwa ulivyokuwa mdogo. Ni akina mama 25 tu, na mtu mwangalifu hajengi nyumba nzima juu ya watu 25. Lakini mimi nikiwaza mzani wa wodi ya wazazi, ule tunaouweka mtoto na kuandika "kilo 2.3" bila kuinua kichwa, najiuliza ni vita gani vimeandikwa katika tarakimu hiyo.

Halafu Rwanda. Mwaka 2014, Nader Perroud na wenzake walichapisha habari za wanawake 25 waliokuwa wajawazito wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994, pamoja na watoto wao, ambao wakati wa kupimwa walikuwa vijana. Waliwalinganisha na wanawake 25 wa asili hiyohiyo, wajawazito wa kipindi hichohicho, ambao mauaji hayakuwakuta. Wengi mngetarajia kotisoli ya waliopitia mauaji na ya watoto wao iwe juu. Ilikuwa chini. Mama na watoto wao, wote.

New York napo ilionekana hivyohivyo. Rachel Yehuda na wenzake waliwapima wanawake 38 waliokuwa na mimba na waliokuwepo kwenye shambulio la tarehe 11 Septemba 2001 au karibu nalo. Wale walioachwa na jeraha la akili, watoto wao wa kama mwaka mmoja walikuwa na kotisoli ndogo, hasa kama mimba ilikuwa katika miezi mitatu ya mwisho. Hizi ni habari za kiwewe zaidi ya sonona, na mambo haya mawili hatuyachanganyi ingawa mara nyingi hukaa katika mwili mmoja. Nimezileta ili tuelewe kwamba hakuna namba moja mbaya. Kwa watoto wengine homoni inapanda na kukawia kushuka. Kwa wengine imelala, haipandi asubuhi inavyotakiwa wala haishuki usiku. Huko Leuven, Ubelgiji, vijana wa miaka 14 na 15 ambao mama zao walikuwa na wasiwasi mwingi katika nusu ya kwanza ya mimba walionekana na mstari wa siku uliolala hivyo, na kwa wasichana mstari huo uliambatana na dalili za sonona yao wenyewe. Kwa hiyo akija mtu hapa kijijini kuuza kipimo cha kotisoli ya mtoto na kusema atawapa jibu, mrudisheni alikotoka. Kipimo hicho ni cha watafiti wanaolinganisha makundi ya watu. Hakimwambii mama mmoja lolote juu ya mtoto wake mmoja.

Na hatari yenyewe ni kubwa kiasi gani? Hili nalisema polepole, maana ndilo nitakalowaomba mkawaambie akina mama. Kule Bristol, Uingereza, kuna utafiti uliowaandikisha maelfu ya wajawazito mwaka 1991 na 1992 na kuwafuata watoto wao mpaka utu uzima. Walipoangalia watoto wakiwa na miaka 13, wale ambao mama zao walikuwa katika kundi la juu kabisa la wasiwasi wakati wa mimba, takriban 12 kati ya 100 walikuwa na tatizo la akili au tabia. Kwa watoto wengine ilikuwa kama 7 kati ya 100. Ni tofauti ya kweli, na kwa taifa zima ni watoto wengi sana. Lakini hesabuni upande wa pili: katika kundi lile la mama walioteseka zaidi, watoto 88 kati ya 100 hawakuwa na tatizo hilo. Mama akikuuliza, "Nesi, mwanangu nimemharibu?", jibu lako ni hapana, na una haki ya kulitoa bila kusitasita.

Sasa tuseme ukweli kuhusu mzigo huu unatoka wapi, kwa sababu hauanzi tumboni. Mwanza, utafiti wa wajawazito 397 uliochapishwa mwaka 2015 ulikuta dalili za sonona kwa theluthi moja yao. Mambo yaliyoambatana nazo yalikuwa hofu ya mimba na kujifungua, uhusiano mbaya na mwenzi, na umaskini. Muhimbili, katika utafiti wa wajawazito 1,180 uliochapishwa mwaka 2013, zaidi ya robo walisema wamepigwa au wamelazimishwa tendo la ndoa na mwenzi wao katika mimba ileile waliyokuwa nayo. Katika mimba ileile! Na hao ndio waliokuwa na dalili nyingi zaidi za sonona, wasiwasi na kiwewe.

Kina baba mliopo hapa, nawashukuru kwa kuja, na nawasemesha kwa heshima kama kaka zangu. Mkisikia kwamba hali ya mama inamfikia mtoto tumboni, msiende nyumbani kumwambia "acha kuwaza, utamuumiza mtoto." Hakuna mtu aliyewahi kupona sonona kwa kuambiwa aache kuwaza. Muulizeni anakula nini mchana. Pesa ya kwenda kujifungulia iwekwe mapema ili asilale anaihesabu. Mkono usiinuke. Na kama shida imekaa baina yake na mama yako mzazi, jua kwamba ni wewe tu unayeweza kuingia katikati. Mke hawezi, na sisi wa kliniki hatuwezi.

Nikirudi kwa mtoto, kuna jambo linanipa moyo. Pale Wirral, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, akina mama waliulizwa wiki chache baada ya kujifungua ni mara ngapi wanampapasa mtoto: mgongo, kichwa, mikono, miguu. Watoto walipofika miezi saba, wale ambao mama zao walikuwa na dalili za sonona wakati wa ujauzito walionyesha hasira nyingi, na mioyo yao haikujirekebisha vizuri waliposhtuliwa. Lakini hayo yalionekana pale tu ambapo kupapaswa kulikuwa kuchache. Baadaye, kwenye mate ya watoto haohao wakiwa na miezi 14, alama za jeni ya NR3C1 nazo zilitofautiana kulingana na kupapaswa kule. London vilevile, kotisoli nyingi katika maji ya uzazi iliambatana na uwezo mdogo wa mtoto katika vipimo vya akili, isipokuwa kwa watoto waliokuwa wameshikamana vizuri na mama zao. Mlango haufungwi siku ya kuzaliwa.

Sisi bibi zetu walituonyesha kumpaka mtoto mafuta ya nazi, kumnyoosha mikono na miguu, kumkanda taratibu mpaka alale. Sidai kwamba mila yetu imepimwa maabara. Waliopimwa ni Waingereza na watoto wao. Nasema tu kwamba jambo lenyewe tunalo mikononi, halina gharama, na mtoto analipenda. Lakini jihadharini: mama mwenye sonona nzito mikono yake haiinuki. Ukimwambia "mpapase mtoto, utamwokoa", umemwongezea deni. Mwambie bibi ampapase. Mwambie shangazi. Mama akikandwa maji ya moto, akipewa uji, akilala saa nne mfululizo kwa sababu kuna mtu wa kumshika mtoto, mikono itarudi yenyewe. Arobaini ya pwani, ikifanywa vizuri, ndivyo inavyomhudumia mzazi. Ikifanywa vibaya inamficha. Siku arobaini ndani, analia, na wanaomwona wanasema ni uzazi tu.

Basi tumuulizeje, tukiwa na foleni ya wanawake 60 na wauguzi wawili?

Kwanza msisubiri aseme ana sonona. Hatasema. Atasema kichwa kinamgonga, mwili hauna nguvu, moyo unaenda mbio, usingizi hakuna, mawazo yamemzidi, mimba hii imemkataa. Nyumbani watasema ana shetani, au anadeka. Mama akija mara ya tatu na maumivu yasiyoonekana kwenye kipimo chochote, kipimo kilichobaki ni mazungumzo.

Mtenge na waliomsindikiza. Mume atoke, mama mkwe atoke, kwa adabu. Sema unampima njia. Kisha maswali mawili, na kwa Kiswahili chake: "Mwezi huu uliopita, umekuwa mara nyingi huna raha, moyo mzito, umekata tamaa?" Na la pili: "Yale uliyokuwa unayapenda, bado yanakufurahisha?" Mawili hayo hayachukui hata dakika mbili. Akiitikia hata moja, muulize la tatu: "Ungependa tukusaidie katika hilo?" Penye nafasi, tumieni dodoso la Edinburgh la maswali kumi, lililotengenezwa huko Scotland mwaka 1987 na kutafsiriwa katika lugha nyingi. Mkilitumia, msichukue kiwango cha alama cha Waskoti mkakiweka Sumbawanga. Tumieni kilichopimwa kwa watu wanaofanana na wagonjwa wenu. Na baada ya kuuliza, nyamaza. Usijaze ukimya na nasaha. Wanawake wengi hulia kwanza, maneno yanakuja baadaye.

Mtaniambia: tukishagundua, tumpeleke wapi, daktari wa akili mkoa mzima ni mmoja au hakuna? Swali la haki, na Pakistani walilijibu. Katika vijiji vya Rawalpindi, Atif Rahman na wenzake walichukua wahudumu wa afya wa kijiji, wanawake waliomaliza sekondari, wakawafundisha namna ya kuketi na mama na kumsaidia kuyageuza mawazo yake hatua kwa hatua. Walimtembelea kila wiki katika mwezi wa mwisho wa mimba, mara tatu katika mwezi wa kwanza baada ya kujifungua, kisha kila mwezi. Mama 903, wote wakiwa na sonona mwanzoni. Mtoto alipofika miezi sita, katika vijiji vilivyopata huduma hiyo waliokuwa bado na sonona walikuwa 23 kati ya 100. Katika vijiji vingine, vilivyotembelewa idadi ileile ya mara bila mafunzo hayo, walikuwa 53. Watoto wao walipata chanjo zaidi na kuharisha kidogo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008, na mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo wa njia hiyo. Wahudumu wale ni nyinyi. Elimu yao ni kama yenu, na njia zao zina matope kama zetu.

Kuna sehemu ya habari hiyo ambayo wengi huiruka. Watoto wale walipofikisha miaka saba walipimwa tena, na makundi mawili hayakutofautiana katika maendeleo yao. Wapo waliovunjika moyo. Mimi sikuvunjika. Maelfu ya siku ambazo mwanamke aliamka akiwa na uhai ndani yake, akacheka, akapika, akaenda kwa jirani, zinahitaji kuhalalishwa na alama za mtoto darasa la kwanza? Tukijenga huduma hii juu ya kotisoli ya mtoto peke yake, siku utafiti mmoja utakapokuja na jibu tofauti, bajeti itakatwa na mama ataachwa alivyokuwa. Mama anaumwa. Hiyo ni sababu tosha. Waganga wafawidhi na wajumbe wa kamati za afya mliokaa mstari wa mbele, hili ndilo ninalowaomba mliandike kwenye mpango wa mwaka: chumba chenye mlango unaofungwa, na saa moja kwa wiki ya muuguzi aliyefundishwa.

Dawa nitazigusa kwa ufupi. Wapo wanaozihitaji, na zipo zinazotumika katika ujauzito kwa uangalizi wa daktari. Mama aliyekuwa anatumia dawa ya sonona akagundua ana mimba, asiiache ghafla kwa hofu, aje tuzungumze. Sonona isiyotibiwa nayo si salama kwa mimba. Isipokuwa valproeti, inayotumika kwa kifafa na kwa baadhi ya magonjwa ya akili: mama anayeitumia mpelekeni kwa daktari siku hiyohiyo, kwa sababu inaweza kumdhuru mtoto. Naye pia asiiache mwenyewe.

La mwisho ni swali la kumi la dodoso lile la Edinburgh, linalouliza kama mama amepata wazo la kujidhuru. Wauguzi wengi huliruka kwa kuogopa kumtia wazo kichwani. Swali halimtii mtu wazo. Mara nyingi ndiyo mara ya kwanza anaruhusiwa kulitua. Akisema ndiyo, haondoki peke yake. Muulize kama amefikiria atafanyaje, na nyumbani kuna nini: sumu ya panya, dawa ya kuogeshea mifugo, vidonge vya bibi. Mwombe akutajie mtu mmoja anayemwamini, mpigieni simu mkiwa wote wawili, mtu huyo aje kumchukua na vitu hivyo vitolewe ndani leo. Mwarifu daktari wa zamu, andika rufaa, na usimpe karatasi akajiendee. Mtafutie wa kumpeleka. Namba ya simu iingie kwenye rejesta, na kesho saa nne asubuhi, hata kama uko mapumziko, mwenzako wa zamu ampigie amuulize amelalaje.